Jumatano za Mama

Siku ya kura za bajeti mimi huamka na hofu. Nasema wazi, sina haya. Niko kipindi changu cha pili cha udiwani katika baraza la mtaa wetu hapa kaskazini ya London, na mtu angedhani nimeshazoea. Sijazoea. Na siku ninayoieleza hapa ilinizidi, kwa sababu katikati ya kura za mapipa ya taka na maegesho ya magari tulikuwa tupige kura ya kufunga kituo cha wazee, na kituo hicho ndicho anachokwenda mama yangu kila Jumatano.

Jamaa zetu wa Unguja wakisikia "kituo cha wazee" huguna kwenye simu. Hudhani nimekwenda kumtupa mama. Nani kamtupa? Mama anakaa na mimi, analala chumba kizuri kuliko changu, na anaamrisha nyumba nzima kuanzia chumvi ya mchuzi mpaka saa ya kuzima televisheni. Kituo ni ukumbi tu wa baraza, una jiko, viti vya kuegemea na choo kisichokuwa na ngazi. Basi dogo huwapitia wazee asubuhi na kuwarejesha alasiri. Bila ya basi hilo hawaonani, maana kila mmoja anakaa pembe yake ya mtaa na magoti yamekataa kupanda mabasi mawili. Siku nyingine hukaa pale wazee wa kila taifa, lakini Jumatano, bila ya mtu kupanga, imekuwa siku ya Waswahili: mabibi wa Unguja na Pemba, wawili watatu wa Mombasa, Mkongomani mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na mama mmoja Mkristo kutoka Nyeri ambaye mama yangu anamsahihisha Kiswahili tangu siku ya kwanza na hajachoka.

Sisi tulioko nyumbani tunamsikia mama, lakini hatuzungumzi naye. Kuna tofauti hapo. Mimi asubuhi nakwenda hospitali ninakofanya kazi ya ukarani, jioni nina vikao. Wanangu wamezaliwa hapa. Bibi yao akiwauliza kwa Kiswahili wanamjibu kwa Kiingereza, na yeye hucheka huku hajui wamemwambia nini. Kwa hivyo wiki nzima maneno yanamjaa, na Jumatano ndipo anapoyamwaga. Hurudi sauti imemkauka. Siku moja alirudi amecheka mpaka meno ya bandia yamemtoka, ananihadithia huku ameyashika mkononi. Nilikuwa najua kabisa kwamba kituo kikifungwa mama atakaa dirishani, ghorofa ya juu, na atazeeka mbele ya macho yangu.

Sasa nieleze hesabu ya kura, maana ndiyo iliyotutesa. Waliotaka kufunga ni chama changu mwenyewe, ndicho kinachotawala baraza. Eti kubana matumizi. Wapinzani walikataa. Ndani ya chama chetu tulikuwa wawili tu tuliosema hatufungi: mimi, na diwani mmoja mzee wa Kijamaika aliyekuwa zamani dereva wa basi. Ukitutia sisi wawili pamoja na wapinzani, kituo kilikuwa kinapona kwa kura moja. Akikosekana mmoja wetu, kura zinakuwa sare. Na kura zikiwa sare meya ndiye anayekata shauri, na meya ni mtu wao. Hapakuwa na pa kupumulia.

Mnadhimu wa chama, yaani yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila diwani anapiga kura alivyoamriwa, alikwishaniita zaidi ya mara moja. Bwana mwembamba, mpole wa sauti, anatabasamu hata akikutisha. Aliniambia nisipofuata nitatolewa chamani. Nikamwambia nitoeni. Akatabasamu. Na bwana huyu, niseme kabisa, wakati wa kampeni alikuwa mtu wa kuja kwangu, anakaa kochi la mama, na kaimati za mama anazila kwa mikono miwili huku akimwita "mama, mama". Ndiyo maana hasira zangu kwake mpaka leo hazijapoa.

Siku yenyewe kikao kilianza asubuhi, kwa kuwa bajeti hukaa kutwa. Msimamizi wa kituo aliwaleta mama na wenzake kwa basi lile dogo, wakapanda roshani ya watazamaji iliyo juu ya vichwa vyetu, makoti ya baridi juu ya mabaibui, mikoba imejaa vitafunio. Nilimkataza mama asije. Nilimwambia kutakuwa na maneno mengi ya Kiingereza, hutofahamu kitu. Akanijibu, "Harusi za Kizungu ngapi nimekaa mpaka mwisho, nilifahamu kitu?"

Kura ya kwanza ilikuwa ya mapipa. Meya akasema wanaokubali wanyooshe mikono, tukanyoosha. Nikaona madiwani wa upande wa pili wanatazama juu na kuuma midomo wasicheke. Nikageuka. Roshani nzima imenyoosha mikono! Mabibi wote, mama akiwa mbele, mkono juu, bangili zinateremka mpaka kwenye kiwiko. Waliambiwa leo kuna kupiga kura, basi wakapiga. Meya akagonga nyundo na kueleza kwa upole kwamba watazamaji hawapigi kura. Ikaja kura ya pili, ya maegesho, na mkono wa mama ukawa juu tena. Mara hii meya hakuwa mpole. Alisema wakirudia atawatoa wote nje. Nilisimama nikamwashiria mama ashushe. Akashusha, huku akinitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

Ukumbi ulicheka na mimi nikacheka, lakini cha juu juu tu. Kila kura iliyopita ilikuwa inatusogeza. Ada za maktaba zikapita. Kukata miti ya barabara kuu, ikapita. Bwawa la kuogelea walibishana mpaka wakachoka wenyewe, likapita. Yule mzee wa Kijamaika, anayekaa nyuma yangu, alikuwa anamung'unya peremende moja baada ya nyingine, nasikia karatasi zake zinavyochakarisha. Nikageuka nikamuuliza, "Uko?" Akasema, "Niko." Lakini hakunitazama machoni.

Tukavunja kikao kwa chakula cha mchana. Kura ya kituo ndiyo ingekuwa ya kwanza tukirudi. Nilikuwa sijafika hata mlangoni, mnadhimu akanishika kiwiko.

"Mwanasheria wa baraza anakuhitaji," akasema, tabasamu limemjaa uso. "Jambo dogo tu."

Nilijua papo hapo kwamba si dogo.

Mwanasheria wa baraza letu alikuwa mama wa Kihindi mwenye nywele fupi za mvi, anakuja kazini kila siku kwa treni kutoka Southall. Nilimheshimu na nilimwogopa, maana bibi yule hakuwa na rafiki wala adui pale, alikuwa na kanuni. Alinikaribisha ofisini kwake, chumba kidogo pembeni ya ukumbi, akaniuliza jambo moja tu. Ni kweli kwamba mama yangu anahudhuria kituo kile?

"Nani kakwambia?"

"Nimeletewa malalamiko leo asubuhi."

Lo! Nikafahamu yote kwa mara moja. Miezi kadhaa nyuma baraza liliwaita wananchi kuwauliza maoni yao juu ya kituo, na mama akapewa kipaza sauti. Mtu mwingine angesema kituo ni kizuri, msikifunge, akakaa. Mama yangu hawezi. Kwetu mtu hasemi mbele ya watu kabla hajajulikana ni nani, mtoto wa nani, mama wa nani. Alisimama akajitambulisha kuanzia kwa babu yake, akateremka ukoo mzima mpaka akafika kwangu, akaninyooshea kidole: "Na yule pale, diwani, nimemzaa mimi. Na mimi ndiye ninayekwenda kituoni kila Jumatano." Kisha akaniombea dua, ndefu, watu wakaitikia amina. Mkalimani hakuacha hata neno moja. Na mnadhimu alikuwa amekaa mstari wa mbele, anaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Siku zote hizo alikuwa analijua. Akalitia mfukoni mpaka siku ya kura, ili nisipate pa kutokea.

"Kanuni ni hii," akasema mwanasheria. "Diwani ambaye yeye au mzazi wake ana maslahi katika jambo, anatangaza, anatoka nje, na mlango unafungwa. Hapigi kura. Akipiga, kura yake inafutwa."

"Maslahi gani? Kikombe cha chai?"

"Nafasi kituoni ni maslahi."

Nikagombana naye. Nilimuuliza wale madiwani wenye magari waliopigia kura maegesho mbona hawakutoka nje. Akasema maegesho yanawahusu watu wote, hili linamhusu mama yako. Nikamwambia huu ni uonevu. Nikapiga meza kwa kiganja. Hakushtuka. Aliningoja nimalize, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Maslahi yanatazamwa wakati wa kura. Mtu ambaye hayumo kituoni hana maslahi. Zaidi ya hapo siwezi kukushauri."

Nilitoka mle. Mama alikuwa ameshateremka, ananitafuta na sambusa zake ndani ya kitambaa. Akaniona uso.

"Una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Usinifanye mtoto."

Nikamweleza basi, pale pale kwenye korido, watu wanapita na vikombe vyao. Kwamba nitatolewa nje. Kwamba nikitoka kura zitakuwa sare, na sare ndiyo kufungwa. Yale maneno ya mwisho ya mwanasheria sikumwambia. Wallahi sikukusudia kumwambia. Lakini mama hakuzaliwa jana.

"Na lau ningekuwa siendi kituoni, ungepiga kura?"

Nikainama.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Ningepiga."

Akanitia kile kitambaa cha sambusa mkononi. "Nipeleke kwa huyo mwanasheria."

Tukaingia. Mwanasheria akasimama, akamvutia kiti. Mama akakaa, akakitazama chumba, akamtazama mwenye chumba, kisha akanigeukia mimi na kuanza kusema kwa Kiswahili, kwa raha zake, kama tuko jikoni kwetu. London imetuharibu sote hivyo. Kwenye basi, dukani, mbele ya daktari, tunasema tunalotaka, tunamsengenya mtu mbele ya pua yake, kwa kuamini kwamba hapa hakuna anayetusikia.

"Mwambie nimejitoa," mama akasema. "Mwambie kuanzia leo sendi tena, nimechoka, miguu inaniuma, mwambie utakalo. Upige kura yako uondoke. Na Jumatano mimi napanda basi langu kama kawaida. Nani atajua? Huyu Muhindi atakuja kunichungulia? Nitavaa nikabu."

Nikafungua mdomo nimfasirie ile nusu ya kwanza.

"Mama," akasema mwanasheria, "mimi nimezaliwa Kisumu."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha bara, kilichokaa miaka mingi bila kutumika, lakini kizima.

"Nimesikia yote, mama. Pole. Kama singejua Kiswahili ningeandika tu vile huyu angeniambia. Lakini sasa nimesikia, na siwezi kujifanya sijasikia."

Katika maisha yangu sijawahi kumwona mama akikosa la kusema. Siku ile nilimwona. Alivuta mtandio mpaka puani. Mimi jasho lilinitoka, nikatamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Sikukusudia kukuvunjia heshima," mama akasema mwishowe.

"Hujanivunjia. Mama yangu angesema hivyo hivyo, pengine zaidi." Mwanasheria akakaa, akavua miwani. "Lakini nisikize vizuri. Ukijitoa, ujitoe kweli. Ukionekana kule Jumatano, huyu mwanao atapoteza kiti, na hiyo kura itafutwa, na kituo kitafungwa. Na mtu wa kuripoti atakuwa ni mimi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku mwanao hatakuwa diwani."

Hapo nikarukia. Basi, nikasema, kesho najiuzulu! Leo napiga kura, kesho naacha udiwani, mama anarudi kituoni, tumemaliza. Nilisema kwa furaha hasa, nikidhani nimeipata njia. Mama alinitazama mpaka furaha ikaniisha.

"Bajeti si wanaleta kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na mwakani wakija tena kutaka kufunga, nani atawakatalia? Yule mla kaimati zangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi hujiuzulu. Utakaa hapo hapo ulipo."

"Mama, siwezi kukufanyia hivi. Waache wafunge. Tutakutafutia mahali pengine."

"Pengine wapi? Kungekuwepo ungeshanipeleka." Akanishika goti. "Hebu nijibu. Ukitoka nje, kituo kinafungwa. Kikifungwa, mimi Jumatano nakwenda wapi?"

"Huendi popote."

"Na nikijitoa, nakwenda wapi?"

"Huendi popote, mama."

"Haya! Mimi kwenda siendi, hivi au vile. Lakini nikijitoa, wenzangu wanakwenda." Akageuka kumtazama mwanasheria. "Hili nalo linataka kusomewa sheria?"

Mwanasheria aliinamisha kichwa. Mimi nililia. Nililia bila ya haya mbele ya yule bibi, pua inatoka, sambusa mkononi, na mama akaniambia ninyamaze, watu watadhani tumefiwa. Kisha akasema taratibu, kila neno peke yake, mwenzake wa Kisumu asije akakosa hata moja.

"Mimi kuanzia sasa hivi sendi tena kituoni. Nimejitoa kwa hiari yangu, sikulazimishwa na mtu. Andika. Na wenzangu wasiambiwe leo. Wakijua watafanya zogo huko juu, yule mwenye nyundo atawatoa nje, na kura itaharibika."

Mwanasheria akaandika. Aliandika polepole mno kwa mtu wa kazi yake, na alipomaliza akakaa akiitazama karatasi.

Kengele ya kurudi ikalia. Nikaingia ukumbini nikakaa kitini kwangu. Mnadhimu akanitazama, akautazama mlango, akanitazama tena. Alikuwa anangoja nisimame, nitangaze, nitoke. Sikusimama. Alipoona meya anakaribia kuanza, akainuka yeye. Kwa sauti yake ile ya asali akasema anadhani mwenzetu mmoja ana jambo la kutangaza kuhusu mama yake. Ukumbi mzima ukanigeukia. Masikio yaliniwaka moto.

Mwanasheria, aliyekaa ubavuni mwa meya, akasimama. "Nimelichunguza suala hilo. Diwani hana maslahi katika kura hii." Akakaa.

Lile tabasamu likamtoka yule bwana usoni. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo kwa miaka, na siku nyingine ningekwenda nyumbani nikapika pilau. Siku ile sikuhisi kitu. Nilikuwa namwangalia mama akipanda ngazi za roshani, anashika ukuta.

Wakajadili. Ukiniuliza walisema nini, sikwambii uongo, sijui. Kura iliyobanana vile haipigwi kwa mikono. Karani husoma jina la kila diwani, naye husimama akasema nakubali au napinga, watu wote wakasikia. Karani akaanza. Nakubali. Napinga. Nakubali. Nakubali. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya meza, nikapotea, nikaanza tena, nikapotea. Likafika jina la yule mzee wa Kijamaika.

Kimya.

Karani akarudia jina. Nikasikia kiti kinalia nyuma yangu. Mnadhimu alikuwa amejizungusha mzima mzima, amemkazia macho mzee wa watu bila ya kupepesa. Mimi sikuthubutu kugeuka. Moyoni nilikuwa nasema, mama yangu ameshatoa chake, wewe mwanamume mzima usiniangushe, nakuomba, usiniangushe. Karani akafungua mdomo aite mara ya tatu.

"Napinga," akasema mzee, peremende iko shavuni, na akakaa kwa kishindo.

Lilipofika jina langu nilisimama nikatazama juu. Mabibi walikuwa wameshikana mikono, midomo inacheza kwa dua. Mama peke yake hakushikana na mtu. Mikono yake alikuwa ameikalia, ameibana chini ya mapaja, isije ikanyooka yenyewe wakafukuzwa.

"Napinga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, karani akaniomba nirudie. Nikarudia kwa nguvu mpaka meya akashtuka.

Wakahesabu. Wakahesabu tena, maana mnadhimu alidai. Meya akasoma matokeo kwa uso mkavu: hoja ya kufunga kituo imeanguka, kwa kura moja. Mabibi hawakufahamu kilichosemwa, wakawa wananitazama mimi. Nikawapungia mkono na kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lahaula! Roshani ikalipuka kwa vigelegele. Yule Mkongomani peke yake alitosha kuvunja vioo. Meya akainyanyua nyundo, akaitazama roshani, akairudisha mezani taratibu.

Kura nyingine zilikuwa bado. Nikaomba ruhusa, nikazipanda zile ngazi mbili mbili. Nilipotokea juu wakanivamia, wakanibusu mashavu, mikono, kichwa, kila mtu ananiita mwanangu, mwanangu, Mungu akupe umri. Yule mama wa Nyeri alikuwa anaimba wimbo wa kanisani na mabibi wa Kiislamu wanampigia makofi. Mama alikuwa nyuma yao, anafunga mkoba wake. Rafiki yake mkubwa, bibi mmoja wa Kipemba anayekaa upande wa pili kabisa wa mtaa, akamvuta kwa mabega.

"Shoga yangu, umemwona mwanao? Umemwona? Basi Jumatano hii mimi napika biriani, wallahi, na wewe ukae ubavuni kwangu. Nakuwekea kiti, hakikalii mtu."

Sikuweza kustahamili. Nilitaka wajue, wote, pale pale, Jumatano zao wamepewa na nani. Nikafungua mdomo. Mama akanifinya mkono kwa ndani, juu, karibu na kwapa, akazungusha ngozi kwa vidole viwili mpaka nikaufunga.

"Inshallah," akamwambia mwenzake. "Na usitie pilipili nyingi, una tumbo wewe."

Akamfunga kifungo cha juu cha koti, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, akamlazia mtandio vizuri shingoni. Kisha akamkumbatia. Akamkumbatia na hakumwachia, mpaka yule bibi akaanza kucheka begani mwake.

"We, vipi leo? Unaniaga? Si Jumatano tu hapa."